Jinsi Nilivyoyapima Matairi Kwai

Mimi nikisema tairi ni zuri, hapa Lushoto hakuna anayeniuliza mara ya pili. Miaka ishirini na sita nimeziba pancha jirani na stendi, na mikono yangu imekuwa myeusi kiasi kwamba mchungaji akinipa mkono mlangoni mwa kanisa huwa namwona akijifuta kwa adabu pembeni ya joho. Fundi Zabron. Sijawahi kurudishiwa tairi. Anayebisha nampeleka kwa mafundi wengine, ambao ni wawili tu, na wote wawili niliwafundisha mimi.

Basi Novemba iliyopita mdogo wangu Evelina, mjane mwenye akili kuliko sisi ndugu zake wote, alinunua Noah ya kukodisha kwa harusi na wageni. Gari lilikuja na matairi vipara, yamelika hadi unajiona uso. Akaja kibandani kwangu, akaniamkia, akaketi kwenye benchi.

"Kaka, nataka matairi manne. Yadumu, na yasiniue mimi wala watu wa watu nitakaowabeba. Hela ninayo ya mara moja."

"Kwani unaogopa kukosea na mimi nipo?" nikamwambia.

Nilikuwa na seti tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, ya Twaha, mfanyabiashara wa Tanga anayepandisha matairi huku juu kwa pikapu yake kila mwezi. Aliniachia nimtafutie mteja. Alisema ni matairi ya misimu yote, jua na mvua, na bei yake ilikuwa ya mtu asiye na watoto shuleni. Ya pili ilikuwa mitumba ya Japani ya kawaida, imetumika nusu, bei ya kawaida, sura ya kawaida; sikuwa na la kusema juu yake. Ya tatu ndiyo iliyoniteka roho. Niliiokota mwenyewe kwenye lundo la mitumba Tanga, matairi matano yanayofanana, na tarehe zake za kutengenezwa nilizisoma moja moja; hayakuwa makuukuu. Mpira wake ulikuwa laini, unabonyea kwa kidole gumba kama andazi la moto, na uso mzima umechanjwa mistari myembamba mingi, utadhani kuna mtu alikaa siku nzima na wembe. Ubavuni kulichorwa mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima kuna kitu kama ua. Mlima! Nikasema hawa Wajapani wametufikiria. Na bei ilikuwa nusu ya yale ya Twaha.

Sasa huku kwetu tairi halichaguliwi kwa maneno. Linapelekwa Kwai. Sijui nani alianza, lakini wenye magari wote wanajua: unasubiri siku ya mvua, unapakia magunia ya viazi, unapanda ile njia ya udongo mwekundu inayopita kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, na katikati ya mwinuko unasimamisha gari. Likiondoka pale bila kuserereka, tairi limefaulu. Likirudi kinyumenyume mpaka kwenye kabichi za watu, unalipa kabichi na unatafuta tairi lingine. Tambarare hatuihesabu. Barabara ya kule chini ni lami, imenyooka, haina tope wala korongo. Sisi watu wa mlimani tunaamini kule hata toroli la sokoni lingefika Dar es Salaam.

Tulikwenda Jumamosi, mvua ya vuli ikinyunya na ukungu umekaa juu ya mashamba. Usukani nilimpa mwanangu Kristian. Ana miaka ishirini na minane, ana Noah yake kuukuu aliyoing'oa viti vya nyuma ili apakie mboga na matunda kwenda Tanga, na kwa kuendesha milimani sijaona wa kumshinda. Mimi nilikuwa na jeki yangu, na matairi yote kumi na mawili nilikuwa nimeshayavika rimu za kuazima, ili tubadilishe upesi. Watu wakatoka mashambani kutazama. Wenye madebe ya maziwa wakayatua kabisa.

Mitumba ya kawaida ilipanda, ikasimama, ikashindwa kuondoka. Tukasukuma. Yale mapya ya Twaha yaliondoka, lakini kwa kuchezacheza, nyuma ya gari ikitaka kwenda Kwai na mbele ikitaka kurudi Lushoto. Halafu tukavisha yale laini. Kristian alisimama palepale penye utelezi, akazima gari kabisa kwa makusudi, akaliwasha, akaondoka taratibu kama anatoka kanisani. Hakuna tope lililoruka. Akarudi akishuka, akafunga breki pale nilipochora mstari wa majivu, na gari likatulia juu ya majivu. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alikuja kuyapapasa matairi yale, akatikisa kichwa kwa furaha.

Nilipanda juu ya gunia la viazi. Naona aibu kulisema hili, lakini nilipanda. Nikatangaza, "Haya ndiyo matairi! Hayana mpinzani, si mlimani, si tambarare!"

"Kaka," Evelina akasema, "kwenye tope nimeona. Na kule chini kwenye joto? Maana nitakuwa napeleka watu hadi Korogwe na Tanga."

"Evelina, tambarare tairi linapumzika," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Lililopanda hapa na magunia, lami ya Korogwe italifanya nini? Italibusu?"

Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Kristian ndiye aliyecheka zaidi, na niliona namna alivyokuwa ananitazama; mtoto mtu mzima, lakini macho yalikuwa ya kujivunia baba. Evelina alitabasamu kidogo, akatoa hela. Nikamfungia yale manne, na la tano nikalitundika kwenye msumari kibandani kwangu, liwe pambo na funzo kwa wateja. Kila aliyeuliza nilimsimulia habari ya Kwai tangu mwanzo.

Wiki nne zikapita. Desemba, siku ya harusi moja Korogwe, kwaya ya akina mama wa usharika wetu ilialikwa kwenda kuimba. Waliondoka na Evelina asubuhi, akina mama saba, mke wangu Secilia akiwa mmojawapo, wamevaa vitenge vya sare vya kijani. Walipandia kanisani, mimi nilikuwa nimeshakwenda kazini. Saa tano pikapu ya Twaha ikaegesha mbele ya kibanda.

"Habari za hapa, fundi?" akasema, kisha hakungoja jibu, maana macho yake yalikuwa msumarini. Akalishusha lile tairi. Akalibonyeza. Akaligeuza ubavu na kufuta vumbi kwenye ule mchoro wa mlima.

"Unauza hili?"

"Hilo ni pambo. Wenzake wako barabarani," nikasema kwa kujidai. Nikaanza, "Tulipokwenda Kwai—"

"Barabara ipi?"

Namna alivyouliza ilinikata maneno. "Leo? Korogwe."

"Zabron, hili ni tairi la theluji," Twaha akasema. "Wajapani wanalivaa miezi ya barafu, wakimaliza wanalivua. Huu mchoro ni mlima wa theluji na hiki ndani ni chembe ya theluji. Mpira wake wameufanya laini makusudi, usigande kwenye baridi kali. Huku kwenu kwa baridi hii linaona liko kwao. Ukilishusha kwenye lami ya jua la Mombo kule chini, mpira unalegea, gari linaogelea. Ukilipakia mzigo na mwendo, linachemka mpaka linapasuka. Mwaka jana Muheza nimeona mtu amekufa nalo. Nimemwona kwa macho yangu."

Sikuelewa mara moja. Nilibaki nimeshika spana, nikimtazama mdomo. Halafu nikaelewa yote kwa mkupuo. Akina mama saba. Secilia. Mdogo wangu, aliyeniuliza mbele ya watu swali hilohilo, nami nikawachekesha watu.

Nilipiga simu ya Evelina, haipatikani. Niliipiga ya Secilia, ikaita mpaka ikakata. Kwenye gari la kwaya nani anasikia simu? Nikapiga tena, na tena.

"Panda," Twaha akasema.

Kibanda nilikiacha wazi, vifaa nje, tairi la mteja liko majini. Tulishuka ile barabara ya Soni, na Twaha, mtu wa tambarare, alikuwa anazikata kona kwa woga huku mimi nikimwambia aongeze mwendo. Kila kona nilichungulia bondeni. Nilikuwa natafuta rangi ya vitenge kwenye majani. Mungu anisamehe, nilikuwa nazihesabu nguo za kijani na kila nilichokiona cha kijani kilikuwa migomba.

Na joto likaanza kupanda kutoka chini. Nimeishuka barabara ile mara elfu, na kila mara nikifika nusu huvua koti bila kufikiri. Siku hiyo nilifikiri. Nilitoa mkono dirishani, nikauhisi ule upepo wa moto, nikastaajabu vipi mtu mwenye akili timamu anaweza kuvua koti miaka ishirini na sita na asijiulize hata siku moja tairi linavua nini.

Mombo tuliliona gari la Evelina kabla hatujasimama. Limeegeshwa kando ya barabara kuu, kwenye kivuli cha mwarobaini, zima. Akina mama wameketi kwenye mkeka, wanamenya machungwa, wakingoja saa ya harusi. Secilia aliponiona nashuka kwenye pikapu na ovaroli langu la kazi akasimama na kisu mkononi.

"Kumetokea nini? Nani amekufa?"

Nilikwenda moja kwa moja kwenye gari, nikapiga magoti, nikalishika tairi la mbele. Lilikuwa gumu. Nikalibonyeza, halikubonyea. Nikaligeukia la nyuma. Lilikuwa na meno mapana, mifereji iliyonyooka, mpira mgumu mweusi, na harufu ya upya haijaisha. Hayakuwa matairi yangu.

Niligeuka nikamkuta Evelina amesimama nyuma yangu, ameshika funguo.

"Niliyabadilisha, kaka," akasema. "Wiki ya kwanza tu. Nilikwenda Korogwe saa saba mchana, gari likawa linayumba kama limelewa. Nikisimama nasikia harufu ya mpira. Nilinunua haya ya misimu yote, nikaongeza na hela ya harusi mbili."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie wewe?" Alisema bila hasira, na hilo liliuma zaidi. "Nilikuuliza pale Kwai. Uliona jinsi ulivyonijibu. Kaka, hakuna mtu anayekwambia wewe kitu. Hata huyu Secilia. Sisi tunakuitikia, halafu tunakwenda kufanya tunavyojua."

Nilimtazama Secilia nikitegemea atacheka, au atamkatalia wifi yake. Alishusha macho kwenye chungwa lake. Akina mama wengine sita ghafla wakawa na kazi nyingi sana na maganda.

Nilitaka kukasirika na nilishindwa, maana furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni. Walikuwa hai wote. Nilianza kucheka, nikaketi palepale vumbini, nikacheka huku machozi yananitoka, na Twaha akanipigapiga begani. Nikamwambia Evelina amefanya vema, anipe tu yale matairi yangu niyachome moto siku hiyohiyo.

Uso wake ukabadilika. "Kuyachoma? Kwani ni mabaya kiasi hicho? Mimi nilidhani yanayumba tu."

"Ni ya theluji, mama," Twaha akasema. "Yanapasuka."

Evelina akaweka mkono kifuani. "Kaka, mimi niliyauza. Ndiyo nikapata hela ya kununulia haya."

"Ulimuuzia nani?"

"Kristian."

Nilisikia jina, ila nilingoja aseme jina jingine.

"Alikuja mwenyewe," akaendelea haraka. "Matairi yake yalikuwa yamekwisha. Nilimwambia, mwanangu, haya yatumie hukuhuku juu, usiyashushe. Akacheka. Akaniambia, 'Shangazi, baba amesema hayana mpinzani si mlimani si tambarare. Baba hajawahi kurudishiwa tairi.' Tulikubaliana nisikwambie, ili usijue kwamba mimi niliyakataa. Asubuhi hii tulipopita Soni tulimkuta anapakia plamu. Siku zote hushuka usiku, kukiwa na baridi, ila leo alichelewa, na gari limejaa hadi mlangoni. Alisema anawahi Tanga kabla ya saa nane."

Saa yangu ilikuwa saa sita na nusu. Jua lilikuwa limesimama utosini, na lami mbele yetu ilikuwa inameremeta kana kwamba imemwagiwa maji. Gari moja lilipita kwa kasi, na sauti ya matairi yake nilihisi inapita juu ya mgongo wangu.

Nikapiga. Simu ikaita. Ikaita mpaka mwisho.

Nikapiga tena. Secilia alikuwa ameangusha kisu na chungwa, amekuja kuniegemea. Mara ya tatu haikupokelewa. Mara ya nne nilishindwa kubonyeza, Twaha akanishikia simu akabonyeza yeye, akaweka sauti ya nje. Akina mama wakawa wameinuka wote, wamesimama mduara, na mmoja alikuwa ameanza kuomba kwa sauti ya chini.

Ikapokelewa.

"Tate," Kristian akasema. Hivyo ndivyo watoto wangu wanavyoniita, yaani baba kwa Kishambaa, tangu wadogo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, pumzi fupifupi. "Tate, simu ilirushwa nje, ndiyo nimeipata sasa hivi kwenye majani."

"Uko wapi? U mzima?"

"Niko Hale, nimeshapita Korogwe. Gari limepinduka, Tate. Mimi nimetoka. Mkono wa kushoto nadhani umevunjika, unaning'inia, lakini nimetoka, kuna watu wamenivuta dirishani. Plamu zimemwagika barabara nzima." Akavuta pumzi. "Nisamehe. Nimekuharibia tairi lako. Yale matairi ya shangazi niliyanunua mimi, tulikuficha. La nyuma limepasuka."

Secilia alitoa sauti, sijui niiiteje, akaziba mdomo kwa kitenge.

"Kosa ni langu," Kristian akaendelea, na nilisikia watu wakizungumza nyuma yake, na mlio wa lori likipunguza mwendo. "Labda nilizidisha upepo. Au nilikwenda mbio. Hapa kuna dereva mmoja wa basi, anawaambia watu ni tairi, eti tairi si la nchi hii, aliyeniuzia ni muuaji. Nimemkatalia, Tate. Nimegombana naye na mkono huu hivihivi. Nimewaambia haliwezi kuwa tairi, tairi kalichagua baba yangu."

Wote walikuwa wananitazama. Evelina, Twaha, mke wangu, kwaya nzima. Nilijua maneno ninayotakiwa kusema, yalikuwa machache na mepesi, na nilishangaa kuona kwamba mdomo wangu hauyajui. Katika miaka hamsini na nne nilikuwa sijayatamka kwa mtu yeyote, mkubwa wala mdogo.

"Kristian," nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Dereva huyo anasema kweli. Usigombane naye. Si mwendo wako, si upepo. Ni tairi. Shangazi yako aliniuliza nikamcheka. Nimekosea mimi, mwanangu. Nisamehe."

Nilisikia magari yanapita upande wake, na mtu akimwambia akae chini, asisimame juani. Nikadhani simu imekatika.

Kisha akauliza kwa adabu, taratibu, kama mtu anayeongea na mgeni aliyemzidi umri:

"Samahani, mzee. Naongea na nani? Naomba mnipe baba."

"Ni mimi," nikasema. "Ndimi baba yako."